JOSEPH HOWE: ALIYETAKA WATU WAULIZWE KWANZA

Nchi inapofikiri kuingia katika umoja wa biashara na jirani zake, au kutoka katika umoja huo, watu wa kwanza kusikilizwa ni wenye mabohari na wenye mabenki. Hao wana hesabu zao tayari, na wanajua mlango wa kubisha. Mchukuzi wa bandarini, mkulima na mvuvi huambiwa baadaye, mambo yakiwa yamekwisha tiwa sahihi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyeishi mbali sana nasi, na ambaye amekwisha kufa zaidi ya miaka 150 iliyopita. Alipinga nchi yake isiingizwe katika umoja bila ya watu kuulizwa. Ilipokwisha ingizwa akajitahidi kuitoa. Na aliposhindwa kuitoa akakaa ndani yake, akalaumiwa na rafiki zake mpaka kufa. Jina lake ni Joseph Howe, wa Nova Scotia.

Nova Scotia ni rasi iliyoko mashariki ya Kanada, imezungukwa na bahari ya Atlantiki karibu pande zote. Leo ni jimbo la Kanada, lakini zamani za Howe ilikuwa koloni la Uingereza lililosimama peke yake, lenye gavana wake, bunge lake na ushuru wake wa forodha. Hesabu ya watu ya mwaka 1861 ilionyesha kuwa walikuwa kiasi cha 330,000. Riziki yao ilitoka baharini: walivua samaki na kuwakausha kwa chumvi, waliunda merikebu za matanga, wakauza mbao na makaa ya mawe. Mji wao mkuu, Halifax, ulikuwa bandari, na mtu wa bandari hutazama zaidi bahari iliyo mbele yake kuliko bara iliyo nyuma yake. Asiyekumbuka neno hilo hatayaelewa yaliyofuata.

Howe alizaliwa Halifax tarehe 13 Desemba 1804. Baba yake alikuwa mpiga chapa, tena mtu wa dini sana, aliyehama kutoka Boston kwa sababu ya kumtii mfalme wa Uingereza wakati Wamarekani walipoasi. Mtoto hakupata shule nyingi. Alipofika umri wa miaka 13 akaanza kazi katika chumba cha kupiga chapa, na elimu yake aliipata kwa kupanga herufi za risasi na kusoma vitabu usiku. Mwisho wa mwaka 1827 akanunua gazeti la Novascotian. Alisafiri kwa farasi vijiji kwa vijiji kutafuta wanunuzi na kukusanya madeni, na kwa njia hiyo akaijua nchi yake pamoja na watu wake kuliko gavana yeyote aliyeletwa kutoka London.

Nchi ilikuwa na bunge lililochaguliwa, ndiyo, lakini nguvu hazikuwa humo. Gavana alitawala pamoja na Baraza la watu 12, walioteuliwa kwa maisha, waliokutana milango ikiwa imefungwa. Baraza hilo lilikuwa serikali, tena lilikuwa na uwezo wa kukataa sheria zilizopitishwa na wabunge. Howe alipochunguza ni akina nani hao 12, aliona kuwa watano walikuwa washirika katika benki moja ya Halifax, na wengine walikuwa ndugu kwa ndoa au kwa damu. Watu hao hao walikopesha fedha, waliuza bidhaa, waligawa kazi za serikali, na walikuwa waamuzi wa nani awekewe ushuru na nani asamehewe. Biashara na utawala vilikuwa vinakula sahani moja.

Siku ya kwanza ya mwaka 1835 gazeti la Howe lilichapa barua ambayo mwandishi wake hakutaja jina lake. Barua ile ilisema kuwa kwa muda wa miaka 30 mahakimu na polisi wa Halifax walikuwa wametwaa pauni 30,000 kutoka katika mifuko ya watu bila ya haki. Mahakimu wakakasirika, na Howe akashitakiwa kwa kosa la kukashifu. Sheria ya siku zile ilikuwa ngumu: hata kama neno ni kweli, ukweli wake haukuwa kinga. Wanasheria aliowaendea walimwambia kuwa hana njia. Akaazima vitabu vyao, akasoma mwenyewe, na mwezi wa Machi akasimama barazani akajitetea kwa muda wa zaidi ya saa sita, akieleza jambo baada ya jambo jinsi mji ulivyoendeshwa. Jaji aliwaelekeza waamuzi wa baraza wamtie hatiani. Wao wakatoka kwa dakika chache tu, wakarudi wakasema hana kosa. Watu wakambeba Howe mabegani mpaka nyumbani kwake. Chumba kile leo ni maktaba ya bunge la Nova Scotia.

Mwaka uliofuata, 1836, akachaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 1837 akapeleka bungeni maazimio 12 juu ya ubovu wa Baraza. Kwa miaka 11 alilipigania neno moja: kwamba mawaziri wawe watu wanaoaminiwa na wabunge waliochaguliwa, na imani hiyo ikiondoka, nao waondoke. Mapigano hayo hayakuwa ya maneno tu. Mwaka 1840 mwana wa Jaji Mkuu alimtaka washindane kwa bastola. Kijana yule akapiga akakosa. Howe akapiga hewani. Hata mwezi wa Februari mwaka 1848 Nova Scotia ikapata serikali ya madaraka, ya kwanza katika makoloni yote ya Uingereza ng'ambo ya bahari. Kwa njia hiyo hiyo Tanganyika nayo ilipitia serikali ya madaraka mwaka 1960 kabla ya uhuru wake. Hatuna budi kukumbuka, hata hivyo, kuwa madaraka yale ya Nova Scotia yalikuwa ya wanaume. Wanawake, na watu wa Mi'kmaq ambao ni wenyeji wa asili wa nchi ile, hawakuwa na sauti katika chaguzi tutakazozitaja.

Sasa tuje katika mambo ya biashara. Mwaka 1854 Uingereza na Marekani zilifanya mapatano kwamba samaki, mbao, nafaka, makaa ya mawe na mazao mengine ya asili yapite bila ushuru baina ya Marekani na makoloni ya Uingereza yaliyo kaskazini yake. Wamarekani nao wakaruhusiwa kuvua karibu na pwani za makoloni hayo. Mapatano yale yalifanywa na London na Washington. Nova Scotia, iliyokuwa na samaki wenyewe, haikuwa na mtu mezani. Hata hivyo biashara ilisitawi, na Howe mwenyewe baadaye akapewa kazi ya kusimamia uvuvi chini ya mapatano hayo.

Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 mpaka 1865 viliharibu urafiki huo. Watu wa kaskazini waliikasirikia Uingereza kwa kuwapendelea watu wa kusini. Wenye viwanda wa Marekani nao walilalamika kuwa Kanada inauza mazao yake bila ushuru huku ikiongeza ushuru juu ya bidhaa zao. Serikali ya Marekani ikatoa taarifa ya kutoka. Mwezi wa Julai 1865 wafanya biashara wa pande zote mbili walikutana Detroit, na Howe akawahutubia, akiwasihi wasikate kamba iliyowafunga jirani kwa jirani. Inasemekana kuwa hotuba ile ilikuwa miongoni mwa hotuba zake bora kabisa, na mkutano ukaafiki kuwa mapatano yafanywe upya. Lakini mkutano ule haukuwa na mamlaka. Mwezi wa Machi 1866 mapatano yakafa, na wavuvi wa Nova Scotia wakaamka wakiwa na ukuta wa ushuru mbele yao, uliojengwa na wabunge ambao wao hawakuwachagua.

Hofu hiyo ndiyo iliyowapa nguvu wale waliotaka makoloni yaungane. Mwaka 1864 wajumbe walikutana Charlottetown, kisha Quebec, wakatengeneza mpango wa muungano wenye bunge moja, forodha moja na ushuru mmoja. Howe alikuwa kazini, hakuhudhuria. Hatutaficha kuwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo, katika karamu waliyoandaliwa wageni kutoka Kanada, Howe mwenyewe alikuwa ameusifu umoja wa makoloni. Adui zake walimkumbusha jambo hilo mpaka mwisho. Lakini kuupenda umoja kwa maneno ya karamuni si sawa na kuukubali mkataba ambao masharti yake umeyasoma.

Howe aliyasoma masharti, na mwanzoni mwa mwaka 1865 akaandika barua 12 gazetini kuyapinga. Hoja zake zilikuwa za hesabu. Katika bunge jipya Nova Scotia ingekuwa na viti 19 tu. Ontario 82, na Quebec 65. Kwa hiyo kila jambo la ushuru lingeamuliwa na watu wa bara. Ushuru wa Nova Scotia ulikuwa kiasi cha asilimia 10, na ule wa Kanada ulikuwa wa juu zaidi. Fedha za forodha, ambazo ndizo zilizoendesha serikali ya koloni, zingechukuliwa na muungano, na jimbo lingerudishiwa senti 80 kwa kila kichwa. Mvuvi angenunua nguo, chuma na sukari kwa bei ya juu ili viwanda vya mbali vilindwe, naye samaki wake angeendelea kuuza katika masoko yale yale ya ng'ambo bila ya ulinzi wowote.

Katika upinzani huo Howe alikuwa pamoja na wafanya biashara wengi wa Halifax, na hapa msomaji aangalie. Yule aliyewapiga vita matajiri wa Baraza sasa alisimama jukwaa moja na wenye merikebu na wenye benki. Wao waliogopa faida zao. Yeye alishika neno lake la zamani. Twaona kuwa hakuna aibu katika jambo hilo, maadamu kila mmoja anajua kwa nini yuko pale. Hatari huja pale tajiri anaposema kwa jina la watu, na watu wakaacha kujisemea.

Neno lile la zamani lilikuwa hili: watu waulizwe. Bunge la Nova Scotia lilikuwa limechaguliwa mwaka 1863, kabla wapiga kura hawajaletewa habari yoyote ya muungano wa namna hii. Waziri mkuu, daktari Charles Tupper, alijua kuwa akiwaendea watu atashindwa. Katika koloni la jirani, New Brunswick, serikali iliuliza wapiga kura mwaka 1865 ikaangushwa. Ikaulizwa tena mwaka 1866, na safari hiyo watu wakakubali. Tupper hakutaka kujaribu hata mara moja. Alikuwa na wabunge wengi upande wake, na mwezi wa Aprili 1866 akawapitishia azimio, kura 31 kwa 19. Sheria ilitimizwa, maana bunge lilikuwa na haki ya kupiga kura. Lakini wale 31 walikuwa wametumwa na watu kufanya mambo mengine, nao wakaiuza nyumba ambayo walipewa kuilinda tu.

Howe akaenda London mwaka 1866, akiwa na maombi yenye sahihi za maelfu ya watu, akasihi sheria isipitishwe mpaka Nova Scotia ifanye uchaguzi. Hakusikilizwa. Serikali ya Uingereza ilitaka kupunguza gharama za kuyalinda makoloni yale, na muungano uliifaa. Sheria ikapita mwezi wa Machi 1867, na Kanada mpya ikaanza tarehe 1 Julai. Mwezi wa Septemba ndipo wapiga kura wa Nova Scotia walipofikiwa. Katika viti 19 vya bunge la muungano, wapinzani wa muungano walipata 18. Aliyebaki ni Tupper peke yake. Katika viti 38 vya bunge la jimbo, walipata 36. Mara chache sana katika historia watu wamejibu swali kwa sauti moja namna hiyo, nao walilijibu likiwa limekwisha fungwa.

Mwaka 1868 Howe akarudi London, safari hii akiwa na jibu hilo mkononi, kuomba jimbo litolewe katika muungano. Katika bunge la Uingereza John Bright, yule mtetezi mashuhuri wa wafanya kazi na wa biashara huru, aliomba walao iundwe tume ya kuchunguza malalamiko. Wabunge wakaikataa hoja yake kwa kura nyingi. Jibu la serikali lilikuwa kwamba bunge la Nova Scotia lilikwisha kubali mwaka 1866, na kwamba sasa majimbo mengine yamekwisha ingia gharama kwa kuitegemea ahadi hiyo. Hapo ndipo Howe alipojifunza, naye akiwa mzee wa miaka 63, kwamba mlango wa kuingilia hufunguliwa na yeyote, bali wa kutokea ufunguo wake hukaa kwa wengine.

Njia zilikuwa chache. Wengine nyumbani walisema lichukuliwe jimbo lijiunge na Marekani. Wengine walinong'ona habari za kushika silaha. Howe aliona kuwa njia ya kwanza ni kuhama umoja mmoja na kuingia mwingine mkubwa zaidi, na ya pili ni kuwaua wana wa wavuvi kwa jambo lisilowezekana. Mwezi wa Agosti 1868 John A. Macdonald, waziri mkuu wa Kanada, akaja Halifax mwenyewe, na mazungumzo yakaanza. Mwezi wa Januari 1869 wakapatana masharti mapya: muungano ulikubali kubeba deni la jimbo hadi dola 9,186,756 badala ya 8,000,000, na kulipa dola 82,698 zaidi kwa mwaka kwa muda wa miaka 10. Howe akaingia katika baraza la mawaziri la Kanada.

Desturi ya siku zile ilimtaka mbunge anayepewa uwaziri arudi kwa wapiga kura wake akachaguliwe tena. Basi Howe akarudi wilaya ya Hants katika baridi kali. Rafiki zake wa zamani walimngoja. William Annand, ambaye walifanya kazi ya gazeti na siasa pamoja kwa miaka mingi, alikuwa sasa mkuu wa serikali ya jimbo, na gazeti lake likamwita Howe msaliti. Mzee akaugua kampeni ikiwa katikati, asiweze hata kusimama jukwaani. Hata hivyo watu wa Hants wakamchagua. Afya yake lakini haikurudi kamwe. Mwezi wa Mei 1873 aliteuliwa kuwa Gavana wa Nova Scotia, akaingia katika nyumba ile ile ambayo magavana wa zamani walikaa wakimchukia. Akafa humo tarehe 1 Juni, baada ya majuma machache tu.

Je, alikuwa msaliti? Sisi twasema hapana, lakini twasema pia kuwa hakukosa dosari. Alipatana na Ottawa kwa akili yake mwenyewe, kabla ya kurudi kwa wenzake waliomtuma, na kura za wilaya moja haziwezi kuwa kura za jimbo zima. Mtu aliyelaumu wabunge 31 kwa kuamua bila ya kuuliza alipaswa kuwa wa kwanza kuuliza. Lililo la sifa kwake ni kuwa, alipoona kuwa agizo alilopewa haliwezi kutimizwa, hakuwadanganya watu kwa miaka kumi mingine ili aendelee kupigiwa makofi. Alikwenda akawaambia, akiwa mgonjwa, mbele ya uso wao.

Malalamiko hayakufa pamoja naye. Mwaka 1886 serikali ya William Fielding ilishinda uchaguzi wa jimbo kwa kutaka tena kutoka katika muungano, lakini reli ilikuwa imekwisha fika, viwanda na migodi vimekwisha zoea soko la bara, na jambo likaisha bila kutendeka. Koloni la Newfoundland, lililoyatazama yote hayo, liliwauliza watu wake mwaka 1869, nao wakakataa. Likakaa nje miaka 80. Lilipoingia Kanada mwaka 1949 ni baada ya kura ya maoni ya mwaka 1948, na waliokubali walikuwa kiasi cha asilimia 52. Kura zilikaribiana sana, na ubishi ulikuwa mkali. Ila hakuna aliyeweza kusema kuwa hakuulizwa.

Na Uingereza yenyewe, iliyomwambia Howe kuwa kura ya wabunge yatosha, iliingia katika soko la pamoja la Ulaya mwaka 1973 kwa kura ya wabunge. Ikabidi iwaulize watu mwaka 1975, wakakubali kukaa. Ikawauliza tena mwaka 2016, na asilimia 52 wakataka kutoka. Ikatoka mwaka 2020 baada ya miaka mitatu na nusu ya mabishano. Basi swali la mpiga chapa wa Halifax lilirudi likabisha hodi katika nyumba ile ile iliyomfukuza.

Wenye chama chochote chenye viti vingi bungeni wanapaswa kuyafikiri maisha haya. Tupper hakuvunja sheria hata moja, na huenda hata hesabu zake za biashara zilikuwa na ukweli ndani yake. Kosa lake ni kudhani kuwa wingi wa viti aliopewa kwa kazi moja ni ruhusa ya kazi zote. Makubaliano ya biashara yana faida na hasara, na mtu mwenye akili aweza kuyapenda au kuyakataa. Lakini atakayelipa ushuru ule dukani, na atakayepoteza au kupata kazi bandarini, ana haki ya kuelezwa masharti yakiwa bado yaweza kubadilishwa. Hiyo ndiyo haki ambayo Howe aliidai kwa kalamu, kwa ulimi, na mwisho kwa afya yake. Twaiona kuwa ni haki ya mfanya kazi wa kila nchi, na kila mwanachama ana wajibu wa kuidai katika mkutano wa tawi lake kabla ya sahihi kutiwa.